Choo Hakihami

Binti yangu mkubwa nilimwoza kwa mikono yangu mwenyewe. Nilimchagulia vyombo, nikagombana na mshona mapazia, nikaenda arusi za watu nisiowajua vizuri ili nionje pilau yao nijue yetu tuipike vipi. Kisha ikafika siku ya kupamba, akatolewa nje mbele ya wanawake wa mji mzima, na mimi mamake sikumwona. Nilikuwa chooni.

Kwa asiyezijua arusi zetu za Mombasa, nieleze kidogo. Siku ya kupamba ni ya wanawake peke yao. Bibi arusi amefichwa ndani, anasingwa na kupakwa hina, na hata rangi ya gauni lake ni siri yake na fundi wake. Mama akiuliza anaambiwa asubiri kama wageni wengine. Saa ya kutolewa nje ikifika, mlango wa ukumbi unafunguliwa, anaingia polepole ameinamisha uso, anapanda jukwaani, na hapo, mara moja tu, anainua macho kuwatazama watu. Baada ya hapo ataketi kama keki, wageni wapite wamtazame. Lakini ule uso wa mara ya kwanza haurudiwi. Wala hauna picha, maana wanawake wakishavua mabuibui na kuachia nywele, simu zote zinakusanywa mlangoni. Aliyeona kaona. Asiyeona atahadithiwa.

Mimi nilihadithiwa. Nilivisikia vigelegele kupitia ukutani, nimechuchumaa, gauni la hariri nimelikusanya mpaka kidevuni. Nikatoka mbio, nikamkuta mwanamke ananawa mikono, nikamwuliza, "Dada, bibi arusi amevaa rangi gani?"

Akanitazama juu mpaka chini. "Kwani wewe si mamake?"

Iliniuma. Niliporudi ukumbini binti yangu alikuwa ameshakuwa keki.

Na msiba haukuishia hapo, maana nina wifi. Huyu ni dada wa mume wangu, mwanamke mwema, mkono wake mkunjufu, ukiugua atakuwa wa kwanza kufika na uji. Ila ana mdomo. Ile hadithi ya choo aliibeba nyumba kwa nyumba kama sinia ya kashata. Kwenye matanga, kwenye maulidi, kwenye kutazama mzazi, ilikuwa lazima itokee. "Mwana katolewa, watu wapiga vigelegele, mama wa bibi arusi ali api? Ali msalani!" Watu wanacheka, na mimi nacheka nao, kwa sababu ukitaniwa na wifi usipocheka unaonekana una kisirani. Lakini nikifika nyumbani nilikuwa nasugua sufuria mpaka linalia.

Sasa nikueleze habari za kibofu changu. Si kwamba kinajaa. Kinaweza kuwa na kijiko kimoja tu cha maji, lakini kitanigongea kama mtu mwenye zamu yake anayetaka kuingia sasa hivi, si baadaye. Nikikaidi, hakijui mzaha.

Adha kubwa ilikuwa udhu. Nafungua mfereji nitawadhe. Maji yanalia kwenye ndoo. Kibofu kinasikia maji, nacho kinakumbuka mambo yake. Nakwenda haja, udhu unavunjika, narudi kwenye mfereji, maji yanalia tena. Kuna siku adhuhuri ilinikuta pale nikizunguka baina ya mfereji na choo mpaka mume wangu akarudi kutoka msikitini, akavua kofia, akauliza, "Hujasali mpaka sasa?" Nilimjibu neno ambalo mtu mwenye udhu hasemi.

Halafu kuna ufunguo. Naweza kutembea kutoka Kuze mpaka kwetu Kibokoni nimetulia kabisa, nasalimia watu barazani, naulizia wagonjwa wao. Nikiingiza ufunguo mlangoni tu, basi, kibofu kimesikia kitasa. Nimewahi kuingia ndani buibui limevuka upande mmoja, kiatu kimoja kimebaki nje njiani, na kifurushi cha samaki nimekiuma kwa meno.

Wageni hulipa waonyeshwe milango ya kuchonga ya Mji wa Kale. Mimi nilichokuwa nakijua ni vyoo. Nilijua nyumba ipi choo kiko juu ya ngazi zilizosimama wima, hiyo haifai hata ukiomba. Nilijua duka la Kuze ambalo nyuma yake kuna choo kisafi chenye marashi, lakini mwenyewe ni mtu wa heshima zake, hakupi ufunguo kabla hamjasalimiana sawasawa. Na salamu zetu si fupi. "Masalkheri." "Masalkheri bi mkubwa, hujambo?" "Sijambo." "Wa nyumbani hawajambo?" "Hawajambo." "Na yule mgonjwa?" Mgonjwa alhamdulillahi hajambo, mimi ndiye ninayekufa hapa mbele yako, mguu juu ya mguu, natabasamu kama nina habari njema.

Niliishi hivyo miaka. Nilidhani ndio uzee, na uzee hauna dawa, nikajiwekea sheria zangu: kitambaa cha akiba mkobani, nguo nyeusi kila safari, kiti cha mwisho karibu na mlango. Watu walidhani napenda unyenyekevu.

Kisha binti yangu mdogo akaposwa.

Huyu mdogo ana tabia ya kusema jambo mara moja, kwa sauti ndogo, halafu anakuachia lenyewe likutafune. Tulikuwa jikoni tunachambua mchele. Akasema, "Mama, mimi nataka unione." Akaendelea kuchambua. Mimi vijiwe nikavirudisha kwenye mchele na mchele mzuri nikautupa.

Wiki hiyo hiyo akanipeleka kliniki moja kule Mbaraki. Daktari alikuwa mwanamke wa makamo, amechoka lakini ana huruma. Alinipima, akanihoji maswali ambayo hata mume wangu hajawahi kuniuliza, akaniambia si sukari wala si maradhi ya mkojo. "Kibofu chako kimezoea kukuamrisha," alisema. "Tutakifundisha adabu." Akaniambia wanawake wenye shida hii ni wengi kuliko wanaosema, nikamtazama kwa adabu bila kuamini, kwa sababu katika umri wangu wote sikumsikia hata mmoja. Akanionya nisiache kunywa maji, nipunguze tu chai na kahawa, nirudi nimwone tena. Halafu akasema kuna programu ya simu ya kunisaidia, binti yangu aniwekee.

Nilikuwa natarajia vidonge. Hata sindano ningeikubali. Nimetoka Kibokoni mpaka Mbaraki kwa tuktuk, nimemsimamisha dereva njiani kwa sababu ninazozijua mimi, halafu naambiwa dawa iko kwenye simu, mahali pale pale ninapotazama mapishi ya biriani.

Lakini neno la binti yangu lilikuwa linanitafuna, kwa hivyo nikakubali.

Programu ile ilikuwa na udaku kuliko wifi. Ilitaka kujua nimekunywa nini, nimekwenda haja lini, nilikuwa nafanya nini nilipobanwa. Haikuyajua madafu. Haikuujua ukwaju. Kahawa iliijua, lakini nilipoandika "kikombe" ikadhani ni kikombe cha kwao, kile cha kunawia uso, wala haikujua kwamba kikombe chetu cha kahawa chungu ni sawa na ganda la yai. Jioni ikaniletea onyo jekundu kwamba nimekunywa kahawa kupita kiasi cha binadamu. Nikamwambia binti yangu aiambie inikome.

Kazi yake kubwa ilikuwa kunifundisha kungoja. Ukibanwa usikimbie. Kaa kitako. Kaza misuli ya chini, namna ile mtu anavyokaza akizuia upepo mbele ya wakwe. Kaza, achia, kaza, achia, huku unahesabu taratibu. Haraka itapanda, itafika kileleni, itashuka. Ikishashuka, simama uende chooni kama mtu mwenye nyumba yake, si kama mwizi. Na kila baada ya muda programu inalia kukukumbusha ufanye mazoezi, na muda wa kungoja inaurefusha kidogo kidogo.

Sasa nisikilize. Sauti ya kengele yake ilikuwa ya matone ya maji. Tone, tone, tone, kisha kijito. Sijui ni mwerevu gani aliyewaza hilo. Mara ya kwanza ilipolia nilikuwa nimeketi sebuleni na mume wangu, na sitaeleza zaidi, ila tulibadilisha foronya ya mto.

Binti yangu alicheka mpaka akakaa chini. Kisha akagundua kwamba unaweza kuondoa yale matone ukaweka sauti yako mwenyewe. Akajifungia chumbani, akarekodi, akaniletea. Ilikuwa sauti yake ile ndogo, lakini ameikaza kidogo kama mwalimu wa chuo cha Kurani: "Mamangu, bado. Kaa kitako. Kaza, uhesabu polepole. Choo hakihami." Akaipanga ilie hata kama simu imezimwa sauti, kwa sababu alinijua, nikizima wakati wa kusali nasahau kuiwasha mpaka kesho.

Wa kwanza kutii alikuwa mume wangu. Simu iliachwa chini ya mto, naye alikuwa amesimama anatafuta shati. Akasikia, "Kaa kitako!" Akaketi. Alikaa pale ukingoni mwa kitanda, mzee wa watu, ananingoja nimweleze kosa lake. Tangu siku ile maneno yakawa ya nyumba nzima. Chakula kikichelewa, "Choo hakihami." Umeme ukikatika, "Choo hakihami." Muuza samaki alipokuja na visingizio, mume wangu alimwambia hivyo hivyo, yule kijana akaondoka ameduwaa.

Sikuamini itanifaa. Nilifanya kwa ajili ya mwanangu, na kwa hasira. Lakini siku moja nilitia ufunguo mlangoni, kitasa kikalia, kibofu kikaruka kama kawaida yake, na mimi nikasimama pale pale kizingitini. Nikakaza, nikahesabu. Jirani akapita, nikamwitikia salamu. Ile haraka ikapanda, ikashuka. Nikavua viatu vyote viwili, nikaweka samaki jikoni, nikaenda chooni kwa miguu ya mtu mzima. Na baadaye, wiki zikipita, ikaja adhuhuri niliyotawadha mara moja na kusali kwa udhu ule ule. Nilipotoa salamu nililia juu ya mswala. Nilikuwa na furaha ambayo ningetaka kumwambia mtu, na hakuna mtu ambaye ungemwambia jambo kama hilo.

Hapo ndipo wifi alipokosea, na sikumsahihisha.

Tulikuwa kwenye maulidi nyumba ya jirani, wanawake tumebanana kwenye mikeka. Wakati wangu wa mazoezi ukafika. Simu niliiacha nyumbani, lakini kufikia wakati ule mwili ulikuwa umeshazoea. Nikafumba macho, nikakaza, nikaachia, midomo inahesabu, kidole gumba kinapita kwenye pingili za vidole nisipotee hesabu. Nilipofumbua macho wifi ananitazama, machozi yanamlengalenga.

"Mashaallah," alimnong'oneza aliyekuwa karibu naye, kwa mnong'ono wake unaofika mpaka barabarani. "Wifi yangu kashika uradi."

Nilitaka kumwambia. Lakini nianzie wapi? Mtu anakudhania uko na Mola wako, umwambie ulikuwa na kibofu chako? Nikasema, "Wifi, si hivyo." Akanishika mkono. "Usinambie kitu. Ibada ni siri."

Ikiwa siri ilikuwa ni siri ya Mombasa. Kufika Ijumaa wanawake walikuwa wananipisha njiani. Mmoja mwenye mimba aliomba nimwekee mkono tumboni. Mwingine aliniletea chupa ya maji nimsomee mwanawe ana mtihani. Nikawaambia mimi sina lolote, wakazidi kuniinamia, wakasema hao ndio wenyewe, wasiojisifu. Dua niliwaombea kweli, kwa moyo wangu wote, lakini ile hesabu ya vidole ilikuwa ya misuli, na Mungu analijua hilo kuliko mtu yeyote.

Na kwa nini sikusema ukweli? Nitasema sasa. Tangu siku ya uradi wifi aliacha kuhadithia habari ya choo. Aliinyamazia kabisa. Miaka yote hiyo nimeichoka, leo imekufa yenyewe, niende nikaifufue?

Arusi ikakaribia. Kumbi za usiku zilikuwa zimechukuliwa zote, tukapata ukumbi kwa alasiri, jambo ambalo wifi aliliona ni aibu mpaka akasikia kuna mashine ya kipupwe. Yeye akajipa kazi mbili. Ya kwanza, kulinda mlango na kukusanya simu. Ya pili, kunipangia mimi mahali.

"Hunu mwana wetu ana bahati," alisema. "Mamake ni mtu wa uradi. Utakaa mbele kabisa, penye kochi, na mwana akifunguliwa mlango wewe ndiwe utakayemwombea dua, watu waitikie amin."

Nikaliona lile kochi kichwani mwangu. Liko chini ya jukwaa. Choo kiko upande wa pili, nyuma kabisa, na katikati ni viti vya mji mzima na magoti ya watu. Nikamwambia ningependa kile kiti cha mwisho karibu na mlango. Wifi akawageukia wenzake. "Mwaona? Unyenyekevu."

Siku yenyewe nilivaa gauni jipya. Sikuvaa jeusi. Nilikwenda chooni kabla ya kutoka nyumbani na tena nilipofika, kama mpishi anayefunika sufuria. Mlangoni wifi alikuwa amekaa na kikapu kikubwa cha ukindu, kimejaa simu mpaka pomoni, amepaka wanja kama simba wa kike.

"Nipa simu."

"Wifi, mimi mama wa bibi arusi."

"Ungekuwa bibi arusi mwenyewe ningeichukua. Watu wako vichwa wazi ndani. Nipa."

Nikaizima sauti kwa adabu, nikampa. Nilijisemea moyoni sina haja nayo, maneno yake nayajua kama Alhamdu. Kitu ambacho sikukikumbuka ni kwamba binti yangu alikuwa ameipanga ilie hata ikizimwa sauti.

Niliketi kwenye kochi. Nikaletewa sharubati ya ukwaju, nikailowesha midomo tu. Wanawake walijaa, marashi na udi na asumini, nywele zimeachiwa, dhahabu zinalia mikononi. Safu yetu ya mbele ilikuwa ya wakubwa, mashangazi na makhalati na mabibi, wenzangu wa rika langu na waliozidi. Saa ilipofika wifi hakuwa na imani ya kuacha simu za watu mlangoni, akaja mbele nazo, akajibanza kando yangu kwenye kochi, kikapu mapajani.

Taa zikapunguzwa. Ukumbi ukanyamaza. Na mlango ule mkubwa, kabla haujafunguliwa, kitasa chake kikalia.

Kibofu kikasikia kitasa.

Mola wangu. Kilipanda na nguvu zake zote za zamani, kana kwamba miezi ile yote nilikuwa nakidanganya. Nikaiona njia ya kwenda chooni. Nikaona magoti ya watu. Nikahesabu nikikimbia sasa huenda nikawahi, na nikikimbia sasa nitahadithiwa tena, na safari hii mtoto mwenyewe aliniambia kwa kinywa chake. Nikashika mkono wa kochi. Nikafumba macho, nikakaza, kidole gumba kikaanza kupita kwenye pingili. Sikuweza kutoa dua wala salamu wala hata pumzi. Wanawake wakaona midomo inacheza, sauti haisikiki, wakajua hii ndiyo ile dua nzito. Wakainua mikono yao, ukumbi mzima, kimya, wananingoja.

Na katika kimya kile kikapu kikasema:

"Mamangu, bado. Kaa kitako. Kaza, uhesabu polepole. Choo hakihami."

Kilisema kwa sauti ya bibi arusi. Watu wakageuka mlangoni, wakamwona bibi arusi amesimama, uso ameuinamisha, kinywa amekifumba. Wakageuka kwenye kikapu. Kikapu kikarudia. Wifi akatia mkono ndani, akachota simu hii, akachota ile, zote nyeusi, zote zinafanana, na sauti ya mwanangu inaendelea humo ndani kama jini lenye malezi mema. "Kaa kitako. Kaza, uhesabu polepole."

Wifi akasimamisha mikono. Akanitazama midomo. Akanitazama kidole gumba kwenye pingili. Nikaona jambo linamwingia taratibu, tangu maulidi mpaka leo, chupa ya maji, mwenye mimba, yote.

"Wifi," alisema. "Ule uradi..."

"Ndio huo," nikamwambia kwa pumzi niliyokuwa nimebakiwa nayo.

Alijizuia. Nitampa haki yake, alijizuia, mabega yakamtetemeka, mkono akauweka kinywani. Halafu ikamponyoka kwa puani, mlio kama wa punda wa Lamu, na aliyekuwa kando yake akaupokea, na wa pili, na ukumbi wote ukaangua kicheko. Wanawake waliinamiana. Mabibi walijifuta macho kwa leso. Kule mlangoni niliona mabega ya binti yangu yanaruka, na somo wake, yule mwanamke anayemwongoza, anamwambia asicheke, wanja utaharibika.

Kisha uso wa wifi ukabadilika. Kicheko kilikuwa bado kinywani, lakini macho yalikuwa ya mtu aliyesikia habari mbaya. Ninayajua macho yale. Nimeyaona kwenye kioo miaka mingi.

"Ya Rabbi," alisema, akanitupia kikapu mapajani, akakusanya gauni lake mpaka magotini, akakimbia.

Alipoinuka yeye, akainuka shangazi mmoja, huku bado anacheka na anasema "msinichekeshe, msinichekeshe". Akainuka khalati. Kisha mabibi wawili wameshikana mikono. Safu ya mbele yote ilipita kwenye magoti ya watu kama wameitwa, vicheko na vilio vya "nipisheni", na dakika ileile pale mbele nikabaki mimi, kochi tupu, na kikapu kinachonisihi nikae kitako. Daktari alikuwa amesema ni wengi kuliko wanaosema. Sasa niliamini.

Nikaichimbua simu yangu kutoka chini kabisa, nikainyamazisha. Ile haraka yangu ilikuwa imefika kileleni. Nikahesabu. Ikashuka.

Binti yangu akaanza kutembea. Nilimwona hatua zote. Nilimwona anavyoweka mguu kwa hadhari asikanyage upindo, nikaona hina mpaka kwenye kifundo, nikaona asumini kwenye nywele ikitikisika. Alipanda jukwaani, akageuka, akainua macho, na ile safu yote ya heshima ilikuwa haina mtu. Macho yake yakapita kwenye viti vitupu kwa hofu. Yakanifika.

Nilikuwa nimekaa.

Bibi arusi hatakiwi kutabasamu akitolewa nje, anatakiwa awe na haya. Alitabasamu mpaka meno yakaonekana. Mimi nililia, na nililia kwa sauti, kikapu cha simu za watu nimekikumbatia kifuani kama mtoto.

Nilikaa mpaka akawa keki. Kisha nikamkabidhi somo kikapu, nikaenda chooni kwa mwendo wangu wa kawaida, nikisalimia watu.

Nilikuta foleni. Safu yangu ya mbele yote ilikuwa pale, imeegemea ukuta, mguu juu ya mguu, dhahabu shingoni. Hakuna aliyenicheka. Wengine walinitazama kama wanaotaka kuuliza ile sauti ya kwenye simu inapatikana vipi. Wifi alikuwa katikati ya foleni, wanja umemchuruzika, bado hajapata zamu. Kupitia ukutani vigelegele vilikuwa vinasikika.

Akanitazama. Kwa mara ya kwanza tangu nimjue, sauti yake ilikuwa ndogo.

"Wifi," alisema, "mwana kavaa rangi gani?"

Neno lilinijia mpaka kwenye ncha ya ulimi. Kwani wewe si shangaziye? Nilikuwa nimelibeba miaka yote ile, na sasa lilikuwa na mahali pa kwenda. Lakini nilimwona alivyojishika, na nilimjua mtu aliyepitwa anavyokuwa.

"Zambarau," nikamwambia. "Zambarau iliyoiva, ile ya kupaka ulimi rangi."

Foleni yote ikanisogelea. Wakataka kujua mikono ya gauni ilikuwa ya namna gani, na upindo, na alivyoinua macho. Nikaegemea ukuta pamoja nao, nikawaanzia tangu kitasa kilipolia, na sikuwa na haraka.